Kongosho Linapoulizwa: Umbo la Kipimo cha Sekretini Likisomwa Kutoka Pemba

Vipimo vingi tulivyovizoea Pemba ni vya kutazama. Mwanafunzi anatoa choo kwenye kikopo, kikopo kinafikishwa maabara, mtaalamu anainamia hadubini kuhesabu mayai ya minyoo. Mwenye homa anatobolewa kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye kipande cha plastiki, mstari wa pili unajitokeza au haujitokezi. Mwili haukuambiwa neno. Umechukuliwa kama ulivyokutwa. Kipimo cha sekretini ni cha ukoo mwingine. Ndani yake kiungo kimoja, kongosho, kinaulizwa jambo mahususi, kwa kemikali ambayo kimeumbwa kuiitikia, kisha kinapewa saa nzima ya kujibu.

Kisiwa cha washairi Kamange na Sarahani hakihitaji kufundishwa kwamba swali hulifunga jibu. Katika malumbano ya ushairi anayejibu hufuata vina na mizani ya aliyeanza, na uhodari wake hupimwa ndani ya uwanja aliowekewa na mwenzake. Ndiyo sababu naona kipimo hiki kinasomeka vizuri kwa jicho la mhakiki: nini kinatangulia, nani anasema, nani ananyamazishwa, jibu linakatwa vipande vingapi, na hukumu inatoka wapi. Hoja yangu ni kwamba swali la sekretini limetungwa kwa ustadi mkubwa kuliko vipimo vyote vya kongosho vilivyokuja baadaye, ila mstari unaoamua kama jibu ni zima au bovu ulichorwa kwa miili ya mbali, na sisi tuna haki ya kudai uchorwe tena hapa.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, mahali ambapo mkono wa daktari haufiki. Lina kazi mbili. Kwanza linamwaga insulini na homoni nyingine kwenye damu. Pili linatiririsha maji ya kusagia chakula kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba: zaidi ya lita moja kwa siku, yakiwa na bikaboneti ya kuzima asidi inayoshuka kutoka tumboni, na vimeng'enya vya kuvunja mafuta, protini na wanga. Kiungo hiki kina akiba kubwa mno. Mwaka 1973 Eugene DiMagno na wenzake wa Kliniki ya Mayo, Marekani, walionyesha kwamba mafuta hayaanzi kuonekana chooni mpaka kimeng'enya cha mafuta kimeshuka chini ya sehemu moja ya kumi ya kiwango cha kawaida. Kwa hiyo mgonjwa anayekonda na kutoa choo cha mafuta kinachoelea amekwisha kupoteza karibu kila kitu. Anayetazama amechelewa. Mpagazi mwenye goti bovu hajulikani akiwa amekaa barazani. Mtwishe gunia la karafuu uone. Kipimo cha kuchochea ni gunia hilo.

Tuanze na ufunguzi, ambao ni njaa. Mgonjwa hajala tangu usiku. Mrija mrefu wenye njia mbili unapitishwa hadi chini, na kwa kawaida eksirei ndiyo inayothibitisha kwamba umekaa panapotakiwa. Tundu moja hubaki tumboni kunyonya asidi, jingine hufika duodeni kupokea maji ya kongosho. Msomaji wa haraka atadhani hayo ni maandalizi tu, lakini kwangu mimi ndipo ufundi wa mtunzi ulipo. Asidi ya tumbo ikiachwa iteremke hufanya maovu mawili: huila bikaboneti inayotaka kupimwa, na huuchochea utumbo utoe sekretini yake wenyewe. Kuinyonya kunamaanisha kumtoa chumbani kila muulizaji mwingine, ili swali litakaloulizwa liwe moja, nasi tujue limetoka kwa nani.

Baada ya hapo hukusanywa maji ya dakika 15 bila kuchochea chochote. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Ni ukimya unaoandikwa. Bila hicho, majibu yajayo yasingekuwa na cha kulinganishwa nacho. Ndipo sekretini inaingizwa kwenye mshipa, mikrogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, taratibu kwa muda wa dakika moja. Kiasi hicho ni kidogo kupita fikira, na hapo ndipo homoni inapoonyesha ilivyo: nguvu yake haitokani na wingi.

Jibu hukusanywa kwa vipande vinne vya dakika 15, kila kimoja katika chombo chake, kwenye barafu. Kwa nini kisiwe chombo kimoja cha saa nzima? Kwa sababu kongosho lina mwendo. Kuna linaloinuka mapema kisha likachoka, na kuna linalochelewa kupanda. Ukichanganya vipande vyote unapata wastani, na wastani huficha kilele. Hukumu hutazama kilele: ikiwa katika kipande chochote bikaboneti imefika milimoli 80 kwa lita, kongosho huhesabiwa kuwa linaweza. Angalia upole wa sharti hilo. Kiungo kinapewa nafasi nne, na kufaulu mara moja kunatosha.

Hata hivyo ujazo nao husikilizwa. David Dreiling wa New York, aliyekifanya kipimo hiki kijulikane sana Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, alifundisha kusoma mambo mawili kwa pamoja, wingi wa maji na ukali wa bikaboneti. Maji yakiwa kidogo huku bikaboneti ikiwa nzuri, shuku kwamba njia imezibwa, pengine na uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Maji yakiwa tele na bikaboneti ikiwa dhaifu, shuku kongosho lililoungua kwa miaka na kugeuka kovu. Jibu moja, masikio mawili. Uchunguzi wa picha unaweza kukuonyesha kiungo kimevimba au kimesinyaa. Kipimo hiki kinakuambia kiungo kinafanya nini kikiombwa.

Umbo hili halikubuniwa mezani. Tarehe 16 Januari 1902, katika chuo cha University College, London, William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa yote ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa kikabaki kimeunganishwa na mwili kwa mishipa ya damu tu, kisha wakamimina asidi ndani yake. Kongosho likatiririka. Fahamu zilikuwa zimekatwa, kwa hiyo ujumbe haukuwa umepita huko. Starling akakwangua ngozi ya ndani ya utumbo, wakaisaga pamoja na asidi, wakaichuja na kuidunga kwenye mshipa wa mbwa. Kongosho likatiririka tena. Hiyo ndiyo ilikuwa homoni ya kwanza kutambuliwa, miaka mitatu kabla Starling hajalitumia jina hilo hadharani mwaka 1905. Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula, alikuwa ameamini kwamba fahamu ndizo zinazotawala. Jaribio liliporudiwa katika maabara yake mwenyewe, alikubali. Nalitaja hili kwa sababu mgonjwa anayelazwa leo na mrija puani anarudia tukio lile lile la London hatua kwa hatua, isipokuwa kisu. Swali lililoivumbua homoni ndilo lililogeuzwa kuwa kipimo. Sijui kipimo kingine cha hospitali ambacho asili yake imebaki ndani ya umbo lake kwa uaminifu kiasi hicho.

Kati ya 1902 na leo kuna nguruwe wengi. Erik Jorpes na Viktor Mutt, wa Stockholm, waliisafisha sekretini kutoka kwenye matumbo ya maelfu ya nguruwe hadi ikajulikana kuwa mnyororo wa amino asidi 27. Kwa miongo kadhaa sekretini ya hospitalini ilikuwa ya nguruwe, na vidonge vya vimeng'enya wanavyopewa watu ambao kongosho lao limekufa hutengenezwa hadi leo kwa kongosho la nguruwe. Kwa Pemba hili haliwezi kupitwa kimya. Fiqhi ina mlango wa dharura, na masheikhe wanaujua. Lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla, si kugundua baadaye kwenye kijikaratasi cha dawa. Kwa upande wa swali lenyewe tatizo limepungua: mwaka 2004 Marekani iliidhinisha sekretini ya kibinadamu inayotengenezwa maabara, isiyotoka kwa mnyama yeyote.

Sekretini huuliza kuhusu bikaboneti. Vimeng'enya vina muulizaji wao, kolesistokinini, ambayo huwa inaongezwa kwenye kipimo wakati wa kutafuta upande huo wa jibu.

Mwaka 1962 Göran Lundh alipendekeza umbo lingine kabisa. Badala ya sindano, mlo: mililita 300 za kinywaji chenye mafuta, unga wa maziwa na sukari. Mgonjwa anakunywa, mrija unakusanya kwa saa mbili, kimeng'enya cha protini kinapimwa. Kwa kutazama juujuu umbo hili ni la kiungwana zaidi. Linauliza kongosho kwa njia ambayo maisha huliuliza kila siku, kwa chakula. Wapo waliolisifu kwa sababu hiyo, na naelewa. Ila limeingiza mtu wa kati. Chakula hakisemi na kongosho moja kwa moja; kinasema na ukuta wa utumbo, na utumbo ndio unaotoa homoni. Utumbo ukiwa umechakaa, ujumbe haupiti, na kongosho zima kabisa linaandikwa kuwa bubu. Sasa fikiria mahali ambapo watoto wameishi na minyoo na kuharisha kwa miaka, ambapo ngozi ya utumbo imeliwa na kujengwa upya mara nyingi. Hapo kipimo cha Lundh kitamhukumu asiye na kosa. Sindano ya sekretini, kwa ukali wake wote, inaruka utumbo na kufika kwa mhusika. Katika ukanda wetu swali kali ndilo lenye haki zaidi, na hili ni kinyume cha tunavyotarajia.

Tufike kwenye mstari wa 80 na wenzake wa vimeng'enya, ambako uhakiki wangu unageuka kuwa dai.

Afrika Mashariki imeulizwa kuhusu kongosho lake zamani kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, mtaalamu wa patholojia wa Kampala, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba watoto waliokufa kwa kwashakoo walikuwa na kongosho lililosinyaa, chembe zake za kutengeneza vimeng'enya zikiwa zimenyauka. Mwaka 1952 M. D. Thompson na Hugh Trowell walichapisha katika jarida hilo hilo majibu ya watoto waliokuwa hai: maji ya duodeni yalipovutwa, vimeng'enya vilikuwa chini sana siku za mwanzo, na watoto walipolishwa vilipanda tena kwa haraka. Mwaka 1960 A. G. Shaper, pia wa Kampala, aliuhusisha ugonjwa sugu wa kongosho na upungufu wa protini. Hiyo ni hazina. Kongosho la mtoto wa Uganda lilinyamaza likasema tena ndani ya mwezi huo huo, kwa maziwa. Kipimo kilichofanywa siku moja tu kingeliandika kuwa limekufa.

Baadaye J. F. Saunière na Henri Sarles, watafiti wa Marseille, walilinganisha maji ya kongosho ya watu wa Abidjan na Dakar na ya Wafaransa. Waafrika wasiokuwa na dalili yoyote walionekana kuwa na vimeng'enya pungufu, na mwaka 1988 watafiti wakayapa majibu hayo jina la upungufu wa kongosho usio na dalili. Tafsiri hiyo huenda ni sahihi. Lishe duni inaweza kulidhoofisha kongosho kimyakimya. Lakini kuna usomaji wa pili unaobebwa na data zile zile: kwamba kongosho la mtu anayekula wali, muhogo na samaki kidogo hutengeneza kinachohitajika kwa mlo huo, na kwamba Mfaransa anayekula siagi na nyama kila siku ndiye aliyefanywa kuwa mizani. Ukichagua usomaji wa kwanza, kijiji kizima ni wagonjwa. Ukichagua wa pili, kijiji kizima ni wazima na mstari ndio mgeni. Umbo la kipimo haliwezi kuamua kati ya hayo mawili, kwa kuwa linaleta jibu bila kuleta mizani yake. Mizani huja kutoka nje, kimyakimya, kwenye safu ya mwisho ya karatasi ya majibu iliyoandikwa "kiwango cha kawaida".

Muhogo nao umewahi kuhukumiwa kwa haraka. Palikuwa na nadharia kwamba sianidi ya muhogo huliharibu kongosho na kuleta kisukari cha nchi za joto. Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao walikwenda kuwapima watu wa Tanzania Bara wanaokula muhogo mwingi wenye sumu, na mwaka 1992 wakachapisha kwamba kisukari hakikusababishwa na muhogo. Waliuliza watu wenyewe, mahali penyewe. Hivyo ndivyo mizani inavyochorwa.

Pemba yenyewe ilitoa somo la aina hii mbele ya dunia nzima. Watoto wadogo wa kisiwa hiki walishirikishwa katika jaribio kubwa la kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki, kwa msingi kwamba watoto wa maeneo kama haya wana upungufu wa damu. Mwaka 2003 utoaji wa chuma na foliki katika jaribio hilo ulisimamishwa. Ripoti ya mwaka 2006 katika The Lancet ilieleza kwamba waliopewa chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 12 ya kufa au kuugua hadi kulazwa, katika kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi wakati huo. Katika kundi dogo lililopimwa damu kwanza, watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika. Mwongozo wa dunia ukabadilika kwa sababu ya watoto hawa. Waliopewa bila kuulizwa waliumia. Waliopimwa wakaonekana kuwa na haja, walisaidika. Baada ya hapo mtu asituambie kwamba kuuliza kabla ya kutoa ni anasa ya hospitali tajiri.

Ni kweli kwamba mrija, eksirei, barafu na saa nzima ya muuguzi na daktari ni vingi mno. Hata Ulaya na Marekani ni hospitali chache zinazoendelea kukifanya kipimo cha sekretini. Nafasi yake imechukuliwa na kipimo cha elastasi kwenye choo: kimeng'enya cha kongosho kisichovunjika njiani, kinachotafutwa kwenye kipande kidogo cha kinyesi, na chini ya mikrogramu 200 kwa gramu huhesabiwa kuwa pungufu. Hapa tunarudi kwenye kutazama. Faida yake kwa Pemba ni dhahiri. Maabara ya afya ya jamii ya Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, Mwitaliano mtaalamu wa vimelea, imejijengea heshima yake kwa kuchunguza choo na mkojo wa watu wa kisiwa hiki; kikopo cha choo hakimshangazi mtu Chake Chake. Kasoro yake pia ni dhahiri. Haioni ugonjwa mwepesi, na choo cha maji huipunguza elastasi kwa kuichanganya tu, hivyo mtoto anayeharisha atasomwa kuwa na kongosho bovu. Jibu limechukuliwa bila swali, na hatujui lilikuwa likijibu nini.

Kuna umbo fupi ambalo nadhani ndilo linalotufaa kwanza. Linauliza upande wa pili wa kongosho, ule wa insulini. Mgonjwa amefunga, damu inachukuliwa, miligramu moja ya glukagoni inadungwa kwenye mshipa, dakika ya sita damu inachukuliwa tena. Kinachopimwa ni sipeptidi, kipande kinachokatwa insulini inapotengenezwa, kwa hiyo hata aliyeanza kuchomwa insulini ya dukani hawezi kukivuruga. Kichefuchefu kidogo huwapata wengi, kisha hupita. Mistari miwili tu, lakini kila fadhila ya utungo mrefu imo: ukimya ulioandikwa, swali moja linalojulikana limetoka wapi, muda uliopangwa, jibu. Na jibu hilo linabadilisha maisha ya mtu. Kijana mwembamba anayefika Wete au Mkoani na sukari ya juu anaweza kuwa ni wa kufa bila insulini, au ni wa vidonge na mlo, au ana kongosho lililochakazwa na lishe ya utotoni kama wale wa Kampala, linaloweza kuinuka. Kwa kumtazama wote watatu wanafanana.

Lakini dakika ya sita nayo ina mstari wake, na mstari huo pia ulichorwa Ulaya kaskazini. Kwa hiyo kabla ya mgonjwa wa kwanza waulizwe wazima, kwa idhini yao na ya kamati ya maadili ya utafiti ya Zanzibar: mvuvi wa Wesha, mchumaji karafuu wa Mtambile, mkulima wa mwani, mwalimu wa Micheweni, mtu wa Kojani aliyekula dagaa maisha yake yote na mfanyabiashara wa mjini anayekula chipsi. Wapimwe uzito, waandikwe wanakula nini, wachukuliwe damu mara mbili, wengine warudiwe baada ya mavuno na wengine katika miezi ya njaa, maana Thompson na Trowell walikwisha kuonyesha kwamba kongosho lile lile hujibu tofauti likishiba. Sampuli zitenganishwe mara moja na kuwekwa kwenye baridi, zipimwe kwa mashine moja na kemikali za aina moja. Karatasi ya majibu ya Pemba ipate safu yake ya mwisho kutoka kwa watu hao, na jina la kila shehia walikotoka liandikwe juu yake.